Sitini Katika Mia

Kwa miaka kumi na miwili pale mgodi wa Corella niliitwa Birika. Aliyenibandika jina hilo ni Kelvin Stubbs, dereva mwenzangu wa malori ya shimoni, mtu mwenye mdomo kuliko injini ya lori lake. Mkono wa birika, ndiyo maana yake. Kila baada ya wiki mbili za kazi ndege ilitushusha Geraldton kwa wiki moja ya mapumziko, na pale uwanjani wenzangu walikuwa wanapanda pikapu za dola elfu tisini, wengine wamefunga boti nyuma. Mimi napanda Korola ambayo mlango wa abiria unafunguliwa kwa ndani tu. Kelvin hakuacha hata siku moja kupiga honi akinipita.

Sikumjali. Naam, nilimjali kidogo. Nina hasira za karibu, kila mtu kambini anajua, na mara moja nilimrushia kopo la maharage. Lakini sikununua pikapu.

Ngoja niwaambie watu wa migodi tunavyojiloga wenyewe. Kambini unakula bure, unalala bure, hata sabuni ya kufulia ni ya bure. Mshahara unaingia mzima mzima, na ni mshahara hasa. Sasa mtu akitoka baada ya siku kumi na nne za vumbi jekundu na joto la nyuzi arobaini na tano, anajiona anadai raha, na anakwenda kuichukua kwa mkopo. Mkopo unamrudisha kazini. Kazi inamchosha. Akishachoka, basi anastahili pikipiki ya maji. Nimemjua mtu mwenye pikipiki mbili za maji ambaye hajui kuogelea.

Siwacheki. Mimi na mume wangu, Garth, tulikuwa na boti yetu, tukaipanda mara tisa kwa mwaka mzima. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa siku nilipokaa mezani na kalamu nikagundua kwamba kila safari ya boti ile ilitugharimu dola elfu mbili na mia tatu. Nikatukana mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Wiki iliyofuata tukaiuza.

Nilianza kuweka akiba kumi katika mia ya mshahara, kama wanavyoshauri watu wa benki. Nikapiga hesabu nikaona nitaendesha lori mpaka nifike miaka themanini. Nikapanda hadi ishirini, halafu thelathini na tano. Kila mshahara ulipoongezwa, nyongeza sikuionja kabisa, niliipeleka moja kwa moja kwenye mfuko wa hisa. Mwaka wa sita nikafika sitini katika mia na hapo nikatulia, maana zaidi ya hapo Garth angeanza kula nyasi. Tulikuwa tunaishi kwa dola elfu arobaini na nne kwa mwaka, na hatukulala njaa hata siku moja. Lengo letu lilikuwa mara ishirini na tano ya hizo, yaani milioni moja na laki moja. Ukifika hapo, faida inakulisha na shina, yaani mtaji wenyewe, unaliacha.

Mwanzoni yalikuwa mashindano yangu tu, ubishi wa mwanamke anayependa kushinda. Halafu mkono wa kushoto wa Garth ukaanza kutetemeka. Alikuwa fundi wa reli, mikono yake ndiyo iliyokuwa kazi yake. Daktari akasema ni Parkinson, ugonjwa unaoanza na mtetemeko na kumnyang'anya mtu mwendo taratibu, akatuangalia kwa upole, akatuambia miaka hii ya mwanzo tuitumie vizuri. Nilimchukia yule daktari. Nilichukia zaidi kwamba kati ya kila wiki tatu za hiyo miaka ya mwanzo, mimi nilikuwa nyumbani moja. Tangu siku hiyo sikuwa nashindana na mtu. Nilitaka kurudi nyumbani angali anatembea.

Mambo ya chumba cha kufulia yalianza mwaka uleule. Jioni moja baada ya zamu nilikuwa natoa nguo kwenye mashine, Kelvin akaingia na fulana moja mkononi. Fulana moja. Akafunga mlango. Akazunguka weee, akasifu hali ya hewa, mwisho akaniuliza kwa sauti ya chini mimi huwa naweka kiasi gani. Nikamwambia. Akakaa juu ya kikapu cha nguo.

“Sitini? Dada, mimi hata sita sina. Mshahara ukiingia Jumatano, Ijumaa natafuta wa kumkopa.”

“Sikukuuliza unacho kiasi gani,” nikasema. “Sikiliza. Ukiweka kumi katika mia, unafanya kazi miaka tisa ndipo unajinunulia mwaka mmoja wa kukaa bila bosi. Ukiweka nusu, mwaka mmoja wa kazi unanunua mwaka mmoja wako. Ukiweka sitini, unanunua mwaka na nusu. Hayo mengine yote ni kelele.”

Akaikunja na kuikunjua ile fulana yake moja. Akauliza aanzie wapi wakati kila senti ina mwenyewe. Nikamwambia aanze na nyongeza na malipo ya saa za ziada, asiyaguse kabisa, halafu auze kitu kimoja anachokiosha zaidi ya anavyokitumia. Akainuka. Pale mlangoni akaniapisha. Nisimwambie mtu, hata Garth, kwamba alikuja. Kesho yake asubuhi, mbele ya watu wote, akaniuliza kama leo nimefulia maji ya mvua.

Baada ya Kelvin akaja Tui Rangihuna, Mmaori wa Rotorua, ng'ambo ya bahari, mwanamke wa watu mwenye kicheko cha kutikisa madirisha. Naye akafunga mlango, naye akaniapisha. Halafu Vlado Babić, ambaye kwa miaka minne nilidhani hajui kusema zaidi ya “habari za asubuhi.” Kufika mwaka jana walikuwa watano, kila mmoja anadhani yuko peke yake, kila mmoja anaona aibu. Hebu fikiria. Mtu haoni aibu kudaiwa dola laki sita, anaona aibu kujulikana kwamba anaweka akiba. Kambini kwetu pesa ilikuwa ya kuonyeshwa, na mwenye kuificha alionekana ama ana hila ama ana mke mkali. Mimi nikafyata ulimi. Nimeapa, nimeapa.

Sasa Jumanne moja ya mwezi wa tatu, kwenye kikao cha alfajiri kabla ya zamu, Adrian Prosser akasimama mbele. Prosser ndiye alikuwa msimamizi wetu, mtu wa makamo mwenye shati lisilopata vumbi. Akatangaza kwamba kuanzia mwezi ujao zamu zinabadilika. Badala ya wiki mbili kazini na moja nyumbani, zitakuwa nne kazini na moja nyumbani. Mshahara utapanda. Karatasi zitasainiwa Ijumaa, na asiyesaini atahesabiwa ameamua kuondoka.

Tulikuwa madereva ishirini na wawili mle ndani. Niliwaona wanapiga hesabu machoni. Nyumba, pikapu, karo, boti. Jack Abbott, ambaye mkewe alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu, alifunika uso kwa kofia yake. Prosser akauliza kama kuna swali. Tukaenda kupanda malori kama watu waliopigwa rungu.

Saa ya chai nikampigia Garth. Nilitegemea angekasirika pamoja nami, lakini yeye alikuwa ameshapiga hesabu zake haraka kuliko mimi. Tulikuwa tumebakiza miezi kumi na minne kufika kwenye lengo. Kwa mshahara mpya, miezi kumi na miwili.

“Saini, Cora,” akasema. “Mwaka mmoja tu. Mimi siendi popote.”

Nikamwambia nitaona. Nikamuuliza amekula nini jana. Akasema mkate na jibini. Na juzi? Mkate na jibini. Nikauliza ile nyama ya kondoo niliyoacha kwenye friza imekuwaje, na akacheka kidogo, akasema kisu siku hizi kinamsumbua, na dada yake huja Jumapili tu, ataila Jumapili. Alisema hivyo kirahisi, kama mtu anayeongelea balbu iliyoungua.

Nilirudi kwenye lori nikalia. Lori lenye tani mia mbili za mawe, na mimi juu kule nalia kama mtoto, huku mtu wa redio ananiuliza kwa nini nakwenda polepole. Nikamjibu vibaya. Halafu nikiwa kwenye foleni ya kupakia, nikachukua kalamu nikaandika nyuma ya fomu ya ukaguzi wa matairi. Kwa zamu za zamani, miezi kumi na minne ingenipa wiki ishirini na Garth. Kwa zamu mpya, mwaka mzima ungenipa kumi. Prosser alikuwa ananiuzia miezi miwili kwa bei ya wiki kumi za mume wangu.

Nikaendelea, maana kalamu ilikuwa imeshapata moto. Tulikuwa na laki tisa na nusu. Faida ya kuishi nayo bila kugusa shina, elfu thelathini na nane kwa mwaka. Tunahitaji arobaini na nne. Pengo ni elfu sita. Nikaitazama ile sita. Mtaani kwetu walikuwa wanatafuta dereva wa basi la shule, siku mbili kwa wiki, na mshahara wake unaziba pengo hilo na kubakiza ya samaki wa kukaanga. Miaka kumi na miwili macho yangu yalikuwa yameganda kwenye milioni na laki moja, nikawa sijaona kwamba mlango umeshafunguka zamani. Nikajiita mjinga kwa sauti, na kwa bahati mbaya redio ilikuwa wazi.

Kwa hiyo jibu langu la Ijumaa nilikuwa nimeshalijua. Nilichokuwa sijui ni la wenzangu. Jumatano na Alhamisi niliwaangalia wale watano kwenye meza ya chakula. Walikuwa na uwezo wa kukataa, kila mmoja kwa kiasi chake, mwingine miaka miwili ya kuishi bila mshahara, mwingine minne. Tukiondoka sita kwa mpigo malori sita yanalala, na dereva wa malori yale hapatikani dukani. Lakini kila mmoja alijihesabu ni mmoja, na mimi mdomo wangu ulikuwa umefungwa kwa viapo vitano. Niliumia, sisemi uongo. Tui alikaa mbele yangu akinywa uji wake wa shayiri bila kucheka, nikamkanyaga mguu chini ya meza, akadhani ni bahati mbaya akaniomba radhi.

Ijumaa ikafika. Prosser alikuwa ameweka meza, karatasi ishirini na mbili, na kalamu mpya. Akaanza kuita kwa alfabeti. Abbott akasaini huku machozi yanamtoka, hakuyafuta. Babić akaitwa. Vlado huyu, mwenye akiba ya miaka mitatu, akainama akasaini, na akarudi kukaa bila kunitazama. Nikajiambia kama Vlado amesaini basi yamekwisha, nitatoka hapa peke yangu, na wao watabaki kuniita bahili mpaka kiama.

Likafika jina langu. Pascoe.

Sikusogea mezani. Nikasimama pale nilipokuwa.

“Sisaini,” nikasema. “Nina mume mgonjwa na nina pesa za kula. Mwisho wa mwezi naondoka.”

Prosser akatabasamu kama mtu aliyezoea kusubiri. Akasema nifikirie vizuri, soko la kazi ni gumu, kwa umri wangu. Kwa umri wangu! Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe haki yake, ndipo sauti ikatoka nyuma.

“Bosi, ruka na langu,” akasema Tui. “Sisaini mimi. Nimejiwekea nusu ya mshahara wangu miaka mitatu, na wala sioni aibu tena. Watoto wangu wako Rotorua, siwezi kukubali kuwaona mara kumi tu kwa mwaka.”

Watu wakageuka kumtazama. Kelvin naye akageuka, mdomo wazi, na nikaona uso wake unabadilika polepole. Alimtazama Tui, akanitazama mimi, akamtazama Tui tena. Alikuwa ameelewa kwamba chumba cha kufulia hakikuwa siri yake peke yake. Akasimama kwa kishindo, kiti kikaanguka.

“Stubbs,” akajiita mwenyewe. “Arobaini na tano katika mia, miaka sita sasa. Boti niliiuza kitambo. Na ile pikapu, jamani, ni ya shemeji yangu. Mimi naiazima siku za uwanja wa ndege tu, naijazia mafuta na kuiosha.”

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile, cha watu waliokuwa wamebanwa siku nne. Jack Abbott alicheka huku bado analia. Ndani ya kicheko kile wawili wengine wakasimama, mmoja akiinua mkono kama yuko darasani. Watano. Nikamtafuta Vlado. Alikuwa ameshafika mezani, ameshika karatasi yake, anaichana kwa utulivu, mara mbili, mara nne, mara nane, na vipande akavipanga mbele ya Prosser.

“Sita,” akasema. “Samahani kwa kuchelewa.”

Prosser hakucheka. Alikusanya karatasi zilizobaki, akasema atapiga simu makao makuu Perth, akatoka. Nikabaki nimezungukwa na watu wananiuliza maswali kwa pamoja, asilimia ngapi, mfuko gani, naanzaje nikiwa na deni, na Kelvin anawajibu yeye kwa sauti ya juu kama mvumbuzi. Nikamwacha avumbue. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba ningempa hata maharage.

Jumatano iliyofuata tangazo likabandikwa ukutani. Zamu zinabaki kama zilivyokuwa, wiki mbili kwa moja. Sababu walizoandika zilikuwa za kitaalamu sana na hakuna aliyezisoma. Abbott alikuja kunikumbatia, akasema mtoto akiwa wa kike atamwita Coralie, jina langu kamili, nikamwambia amhurumie mtoto.

Prosser akaniita ofisini. Alikuwa muungwana, siku hiyo nilimwona ni mtu tu, naye pengine ana nyumba mbili za mkopo. Akasema nimeshinda, yaliyopita yamepita, lori langu linanisubiri. Nikaweka barua yangu mezani.

“Lakini zamu hazikubadilika,” akasema.

“Nimeona.”

“Basi tatizo ni nini? Unataka kiasi gani ubaki?”

Miaka yote ile ya kalamu na karatasi, hilo ndilo swali nililoishi nalo, kiasi gani. Nilifikiri kweli, kwa heshima yake. Nikatafuta namba kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu niuze ile boti hapakuwa na namba yoyote. Nikamwambia hivyo. Akachukua kalamu, akasaini kupokea barua. Nikatoka nje kwenye jua la nyuzi arobaini na tano, na kama si umri wangu ningerukaruka. Nikaruka mara moja tu.

Alhamisi, siku ya mwisho ya mwezi, ndege ikatushusha Geraldton. Dada yake Garth alikuwa amemleta uwanjani, na yeye alikuwa amesimama kwenye uzio akijishikilia kwa mkono wa kulia. Sikuwa nimemwambia kitu kwa simu. Nilitaka nimwone uso. Nikamwendea na begi langu, na begi lingine, na sanduku lenye buti na kila nilichokuwa nacho kambini, na yeye akaiangalia ile mizigo bila kuelewa, akanibusu, akauliza kama anavyouliza kila nikifika, kabla ya salamu.

“Una siku ngapi?”

“Zote,” nikasema.